Amali ya Mtoto, Amana ya Mzazi: Kuwaandaa Vijana Wetu kwa Maisha ya Kazi

Mhadhara huu ulitolewa baada ya Sala ya Tarawehe kwa jamaa zetu wa Dallas–Fort Worth, na jamaa wa Houston wakaungana nasi kwa njia ya video. Umenakiliwa kama ulivyosemwa, isipokuwa marudio yamepunguzwa. Maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni yamewekwa pia.

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni zake Allah Subhanahu wa Taala, aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu tukiwa na afya na uhai. Rehma na amani zimfikie kipenzi chetu, Mtume Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu katika imani, na nyinyi vijana mlioketi safu za nyuma, Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Katika siku zilizopita masheikh wetu wametukumbusha adabu za saumu, haki ya zaka na hatari ya ulimi. Usiku huu nimeombwa nizungumze juu ya watoto wetu walioko sekondari, na namna tunavyowaandaa kwa maisha ya kazi. Huenda mmoja wenu akajiuliza: jambo hili la dunia limeingiaje katika darsa ya Ramadhani?

Lugha yetu ina neno moja linalolijibu swali hilo, nalo ni amali. Tukilitamka msikitini, tunakusudia matendo ambayo mja atakwenda nayo mbele ya Mola wake. Tukilitamka Zanzibar, tukasema kijana fulani yuko mafunzo ya amali, tunakusudia kwamba anajifunza useremala, ushoni, umeme au upishi. Na Tanzania nzima sasa, baada ya mageuzi ya elimu ya mwaka 2023, sekondari zina mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali. Wazee wetu hawakuona haja ya kutafuta maneno mawili. Kazi ya halali, ikifanywa kwa nia njema na kwa uaminifu, ni katika hayo hayo matendo tutakayoulizwa.

Na Mitume wa Mwenyezi Mungu walikuwa watu wa kazi. Nabii Daud, aliyekuwa mfalme, alikula kutokana na kazi ya mikono yake, na Qur'ani inatueleza jinsi alivyolainishiwa chuma akatengeneza deraya. Nabii Zakariya alikuwa seremala. Mtume wetu (s.a.w.) alichunga mifugo ya watu wa Makka kwa ujira, kisha akasafiri na bidhaa za Bibi Khadija.

Lakini kisa ninachotaka tukikalie usiku huu ni cha kijana. Mtume alipohamia Madina, Zayd bin Thabit alikuwa mtoto wa miaka kama 11. Alipojitokeza kwenda Badr alirudishwa kwa sababu ya udogo wake. Jamaa zake hawakumwacha akae na huzuni yake. Wapokezi wanatusimulia kwamba alipelekwa mbele ya Mtume, ikaelezwa kuwa kijana huyu amekwisha kuhifadhi sura kadhaa. Mtume akamsikiliza, akaona kipawa, akamtaka ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee na kumwandikia barua. Inapokewa kwamba aliyamudu kwa muda wa nusu mwezi. Akawa mwandishi wa barua, akawa katika waandishi wa wahyi, na Abu Bakr alipotaka Qur'ani ikusanywe baada ya Mtume kufariki, aliyeitwa kusimamia kazi hiyo alikuwa Zayd.

Tazameni mpango wake. Watu wa nyumbani walijua mtoto wao anaweza nini. Wakamfikisha kwa mtu mwenye uwezo wa kumfungulia mlango. Naye akapewa kazi ya kweli, yenye haja ya kweli. Kuijua nafsi ya mtoto, kuujua mlango, na kumpa kazi ya kweli: mambo haya matatu ndiyo ninayotaka tuyapime kwa hali yetu hapa Texas.

Nianze na mlango, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapopotezwa.

Sisi tuliosoma Mombasa, Tanga, Unguja, Kigoma au Bujumbura tulilelewa katika utaratibu wa mtihani mmoja mkubwa. Mtoto alisoma, akafanya mtihani wa taifa, matokeo yakatangazwa, na matokeo ndiyo yaliyoamua aende wapi. Kazi ya mzazi ilikuwa karo na dua. Tukaja hapa tukidhani utaratibu ni ule ule, tukasubiri siku ya hukumu ambayo haiji. Texas haina siku moja. Ina maamuzi madogo mengi, na la kwanza linaanza mtoto akiwa na miaka 13 au 14.

Mwaka 2013 bunge la jimbo hili lilipitisha sheria iliyobadilisha masharti ya kuhitimu sekondari. Kwa sheria hiyo, mwanafunzi anapoingia darasa la tisa hutakiwa kutaja kwa maandishi mkondo anaoutaka. Mikondo ni mitano: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, biashara na viwanda, huduma za umma, ambamo afya na ualimu vimo, sanaa na fasihi, na mkondo mchanganyiko. Kisha huandikwa mpango wa masomo wa mwanafunzi huyo peke yake mpaka atakapohitimu, na chini ya mpango huo pana mahali pa sahihi mbili: ya mwanafunzi na ya mzazi.

Ndugu zangu, sahihi hiyo ni yenu. Mimi kazi yangu ni ualimu, na nimekaa na wazazi wetu wengi. Nikiwauliza mtoto wao yuko mkondo gani, wengi hunitazama kwa mshangao. Sahihi waliiweka, kwa sababu mtoto alileta karatasi, au alifungua simu akasema, "Mama, bonyeza hapa." Hatuuzi hata shamba la mikarafuu bila kusoma hati. Vipi tutie sahihi miaka minne ya mtoto bila kuisoma?

Na ndani ya karatasi hiyo yamo mambo mazito. Mpango wa msingi una krediti 22, na mwenye mkondo huhitimu kwa krediti 26. Juu yake iko daraja ya ufaulu wa juu, ambayo hudai hisabati ya miaka minne na ndani yake Aljebra ya Pili. Texas ina sheria ya tangu 1997 inayowapa wanafunzi walio katika asilimia 10 ya juu ya shule yao nafasi ya moja kwa moja katika vyuo vikuu vya umma, ingawa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin kina kiwango chake chembamba zaidi. Lakini fadhila hiyo imefungamanishwa na daraja niliyoitaja. Kijana anaweza kuwa na alama nzuri, akahitimu, akavaa joho, tukapika pilau, kisha akagundua kwamba mlango huo ulifungwa siku alipoacha Aljebra ya Pili. Mkondo unaweza kubadilishwa baadaye, na hilo mlijue. Ila hisabati na sayansi hupandwa kama ngazi. Aliyeruka kipandio cha darasa la tisa atataabika kukirudia darasa la kumi na moja.

Mtihani huu si wetu peke yetu. Kenya nako, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia sekondari ya juu Januari 2026, na wametakiwa kuchagua moja kati ya njia tatu. Kwa hiyo ukimpigia simu dada yako Malindi utamkuta naye anaumiza kichwa kwa swali hili hili. Zungumzeni.

Mwaka huu Ramadhani imetuangukia majira ambayo shule nyingi zinapanga masomo ya mwaka ujao. Mwenye mtoto wa darasa la nane asingoje Idi. Amwandikie kaunsela wa shule, aombe miadi, na akiona Kiingereza kinamlemea aombe mkalimani. Mtoto asiwe mkalimani wa kikao kinachomhusu yeye mwenyewe.

Sasa nije kwenye kuijua nafsi ya mtoto. Majumbani mwetu kazi zenye heshima ni tatu: udaktari, uhandisi na uanasheria. Sina neno na kazi hizo. Mwenyezi Mungu awazidishie waliozipata. Lakini mtoto asiyeelekea huko hubaki kimya, na mtoto akinyamaza wazazi hudhani amekubali.

Fungueni macho muone miji tunayoishi. Jamaa wa Houston mna Texas Medical Center, mkusanyiko wa hospitali na taasisi za tiba unaotajwa kuwa mkubwa kuliko wote duniani. Ndani yake daktari mmoja amezungukwa na wauguzi, wataalamu wa maabara, wa mionzi, wa dawa, wa kupumulisha wagonjwa, mafundi wa vifaa vya tiba na watunza kumbukumbu. Mji huo huo una shule ya sekondari ya umma, DeBakey, iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya vijana wanaoelekea fani za afya. Mna bandari na mfereji wa meli, na sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba bandari hulisha watu. Na sisi wa huku tuna uwanja wa ndege wa DFW na makao makuu ya American Airlines, na Chuo cha Tarrant County kinafundisha ufundi wa ndege. Wangapi kati yetu tunapeleka wageni uwanjani kila mwezi, na hatujamwambia kijana hata siku moja kwamba kuna watu wanaolipwa vizuri kwa kuzitengeneza ndege zile?

Wazee wetu waliheshimu ufundi. Aliyejenga jahazi Lamu alianza akiwa mwanagenzi, akishika msumeno wa fundi wake miaka na miaka mpaka alipoaminiwa kuchonga mkuku. Texas hali ni hiyo hiyo kwa fundi umeme: hutakiwa kufanya kazi saa 8,000 chini ya fundi mkuu kabla ya kupata leseni ya fundi kamili, na saa 12,000 kabla ya kuwa fundi mkuu mwenyewe. Tofauti yake na chuo ni kwamba mwanagenzi hulipwa tangu mwanzo, wala hatoki na deni.

Na deni ndilo jambo linalowasumbua wengi, kwa sababu ndani yake mna riba. Nawaheshimu kwa hofu hiyo. Ni hofu ya watu wa imani. Lakini nimeona imani hii njema ikifanya madhara kwa kukosa maelezo. Mzazi anasikia jina la FAFSA, anaambiwa ni mikopo, anakataa kujaza, na mtoto anakosa chuo. Fomu ya FAFSA yenyewe si mkopo. Ni mlango wa misaada ya namna nyingi, na miongoni mwake iko ruzuku ya Pell, ambayo hailipwi wala haina riba. Kwa mwaka wa masomo wa 2024–25 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Anayestahiki akaijaza, akapokea ruzuku na akakataa mkopo, hakuna aliyemlazimisha kukopa.

Tena kuna njia ya mapema zaidi. Mwanafunzi anaweza kusoma masomo ya chuo akiwa bado sekondari, yakahesabiwa pande zote mbili. Tangu mwaka 2023 jimbo lina mpango uitwao FAST, ambao kwa mwanafunzi wa familia ya kipato cha chini huyafanya masomo hayo kuwa bure katika vyuo vilivyojiunga. Kijana akimaliza sekondari na mwaka mmoja wa chuo mkononi, kisha akaingia Dallas College au Houston Community College, kisha akahamia chuo kikuu, gharama iliyobaki huwa ni ya kuzungumzika. Njia hiyo haina fahari ya jina kubwa, lakini inamtoa kijana bila riba.

La tatu ni kazi ya kweli. Hapa nitasema jambo ambalo baadhi yetu hawatalipenda.

Vijana wetu wengi wanafanya kazi tangu wakiwa na miaka 16, katika maghala, vituo vya mafuta, maduka ya vyakula. Wanasaidia kodi ya nyumba, wanamtumia bibi dawa kule nyumbani. Huo ni wema, na sitausema vibaya usiku wa Ramadhani. Lakini kijana anayetoka ghalani saa sita za usiku na kuingia darasani asubuhi anasinzia, na anayesinzia hafiki Aljebra ya Pili. Kima cha chini cha mshahara hapa Texas ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu mwaka 2009. Mwajiri mwingi hulipa zaidi ya hapo, ndiyo, na kwa kijana wa miaka 17 fedha hiyo ni nyingi. Kwa baba wa miaka 35 mwenye watoto watatu haitoshi. Tukimzoesha mtoto kuila mbegu, atapanda nini?

Najua ziko nyumba ambazo bila mshahara wa kijana kodi haitimii. Kwa nyumba hizo sisemi aache. Nasema apunguze saa, na atafute kazi inayoelekea anakokwenda: anayetaka uuguzi akafanye kazi katika nyumba ya wazee kuliko ghalani, anayetaka famasia akaanzie kaunta ya duka la dawa. Na wenye uwezo kati yetu wajue kwamba kuisaidia nyumba kama hiyo miezi ya mitihani ni sadaka yenye mazao marefu.

Hapa niwakumbuke ndugu zetu waliofika karibuni kutoka kambi za Tanzania, Kenya na Uganda. Wengine wana vijana wa miaka 18 au 19 waliokwisha kuambiwa kwamba umri wao wa shule umepita. Sheria ya Texas inampa kijana haki ya kusoma shule ya umma ikiwa hajatimiza miaka 21 kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka ule wa masomo. Msikubali kufungiwa mlango ulio wazi.

Na kijana akiingia kazini, aingie na dini yake. Nimeona vijana wanaoacha Adhuhuri na Alasiri kwa sababu tu waliona haya kuomba dakika kumi. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 humtaka mwajiri wa wafanyakazi 15 au zaidi aipe nafasi ibada ya mfanyakazi pale inapowezekana, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Groff, ilisema kwamba usumbufu mdogo hautoshi kuwa sababu ya kukataa. Lazima mwajiri aonyeshe mzigo mzito katika biashara yake. Mfundisheni kijana kuomba mapema, kwa adabu na kwa maandishi. Na mkumbusheni upande wa pili wa mizani: katika Surat al-Qasas, yule binti aliyempendekeza Nabii Musa kwa baba yake alitaja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Anayeomba dakika za Sala kisha akaiba saa nzima kwenye simu amewaharibia Waislamu watakaokuja baada yake.

Nihitimishe. Kabla ya Idi nawaomba mambo mawili. Kwanza, usiku mmoja baada ya kufuturu, kila mzazi akae na mtoto wake, simu ziwe mbali, amuulize: unaona raha ukifanya nini, na shida ya watu ipi inakugusa? Kisha anyamaze asikilize. Binti aulizwe kama kaka yake. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara kabla hajawa mama wa waumini. Pili, katika jumuiya yetu wamo wauguzi, madereva wa malori, wahasibu, mafundi umeme, walimu, watu wa kompyuta. Kila mmoja aandike jina lake kwa katibu, akubali kupokea kijana mmoja katika likizo ya kiangazi na kumwonyesha kazi yake. Zayd alihitaji mtu wa kumpeleka mbele. Wa kwetu pia wanahitaji.

MASWALI

Mama mmoja kutoka Houston: Sheikh, mwanangu anataka ufundi wa magari. Baba yake anasema hatukuvuka bahari kwa ajili ya gereji. Nifanye nini?

Jibu: Mama yangu, baba yake hajakosea kuwa na matumaini makubwa, na usimvunjie heshima mbele ya mtoto. Lakini mwambieni kijana aithibitishe nia yake. Achukue masomo ya magari shuleni, na wakati huo huo asiache hisabati, kwa sababu gari la leo ni kompyuta yenye magurudumu. Kiangazi akafanye kazi gereji kweli, katika joto la Houston la mwezi wa saba. Akitoka bado anaipenda, baba atakuwa ameona ukweli kwa macho yake. Na mkumbushe mzee kwa upole kwamba tulivuka bahari ili watoto wapate kuchagua. Mchagua jembe si mkulima, lakini huyu wako jembe amekwisha kulishika.

Kijana wa darasa la kumi na mbili, hapa Dallas–Fort Worth: Mimi sikujua haya yote. Sina Aljebra ya Pili. Je, nimechelewa?

Jibu: Hapana, mwanangu. Umekosa njia moja, nayo ni ile ya asilimia 10. Vyuo vya jamii vinapokea aliyehitimu sekondari. Utafanya jaribio la kupima ulipofika, utaanzia hapo, na hisabati utaisoma huko. Baada ya miaka miwili utaomba kuhamia chuo kikuu kwa alama ulizopata chuoni. Wiki hii keti na kaunsela wako, jaza FAFSA pamoja na mzazi, na usitie sahihi mkopo wowote kabla hujatuonyesha. Na kwa kuwa umekuwa na ujasiri wa kuuliza mbele ya watu, nakupa kazi: mwaka ujao wewe ndiwe utakayekaa na watoto wa darasa la nane wa jumuiya hii na kuwasomea karatasi ile.

Tumuombe Mwenyezi Mungu. Ewe Mola wetu, zitakabali saumu zetu na visimamo vyetu. Wape watoto wetu elimu yenye manufaa, riziki ya halali na amali yenye kukubaliwa. Wape wazazi subira ya kusikiliza. Waliofika nchi hii kwa dhiki uwafanyie wepesi, na waliotutangulia uwarehemu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.